Bati la Kailo na Njano Iliyosahauliwa

Mchanga mzito, mweusi unaoelekea hudhurungi, unaochimbwa na kuoshwa kwenye vijito vya Kailo mkoani Maniema una jina ambalo kila mtoto wa huko analijua: kasiteriti. Mchimbaji anaupima kwa kilo, mnunuzi anabishia kiwango chake, gunia linashuka Kindu na kutoka hapo linatokomea duniani. Mwanakemia akiulizwa kilichomo, atajibu kwamba ni stani, yaani bati, iliyoshikana na oksijeni, pamoja na chuma kidogo kinachoupa mchanga ule weusi wake. Usafishe mpaka ubaki wenyewe mtupu, utakuwa unga mweupe. Chukua unga huo mweupe, uchanganye na oksidi ya risasi, utie katika tanuri yenye joto la nyuzi 650 hadi 800 hivi. Utatoka wa njano. Njano nzito, tulivu, isiyopauka juani.

Kuanzia miaka ya 1300 hadi karibu 1750, hiyo ndiyo iliyokuwa njano ya wachoraji wa Ulaya. Titian aliitumia, Rembrandt aliitumia, na Johannes Vermeer, kati ya 1658 na 1660 hivi, alimvalisha mtumishi wake amiminaye maziwa fulana ya rangi hiyo hiyo. Halafu ikapotea. Sisemi iliadimika, ilisahauliwa, hata wataalamu walioshughulika na michoro hiyo kila siku hawakujua kwamba iliwahi kuwapo. Waliokutana nayo waliidhania kuwa njano ya Napoli, ambayo ni ya risasi na antimoni, au oksidi ya risasi pekee. Aliyeifufua ni mwanakemia wa Munich, Richard Jakobi, mwaka 1941.

Niondoe dhana moja mapema: hakuna chembe ya Kailo katika fulana ya Vermeer. Bati la Ulaya ya wakati ule lilitoka zaidi Cornwall na milima ya Bohemia. Uchimbaji mkubwa wa bati Maniema ni jambo la karne ya 20. Kampuni ya Symétain iliundwa 1932, ikafuatiwa na Sominki mwaka 1976, kisha Sakima. Ninaanzia Kailo kwa sababu nyingine. Kijana wa huko anayetaka kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi ya mafuta, kwa njia ya zamani ya kunakili kazi ya fundi aliyemtangulia, ataambiwa kwamba elimu hiyo ni ya mbali, ya majumba ya makumbusho na watu wenye viza. Nami naona kwamba nusu ya elimu hiyo inakaa jikoni kwao na katika gunia la jirani yao. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza.

Kwanza, amnakili nani? Mona Lisa kanakiliwa vya kutosha. Nyumba ya makumbusho ya sanaa ya taifa ya Denmark, iitwayo Statens Museum for Kunst, jijini Copenhagen, ina michoro mitatu ya mafuta iliyochorwa juu ya mbao yapata 1643, nayo inastahili kujulikana Kindu kuliko inavyojulikana. Wa kwanza ni wa Dom Miguel de Castro, mjumbe wa mtawala wa Soyo katika ufalme wa Kongo, aliyevuka bahari kwenda Brazili iliyokuwa chini ya Waholanzi, kisha Uholanzi kwenyewe. Amevaa Kizungu, kofia pana yenye unyoya na mkanda mpana wa upanga uliotariziwa. Mwingine ni wa mtumishi wake Pedro Sunda, aliyeshika pembe ya ndovu. Na wa tatu ni wa Diego Bemba, aliyebeba sanduku. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa kazi za Albert Eckhout. Siku hizi zinahesabiwa kuwa za Jaspar Beckx wa mji wa Middelburg. Picha za michoro hiyo zimewekwa wazi mtandaoni, na yeyote anaweza kuzipakua bure.

Soyo iko kwenye mlango wa mto Kongo, upande ambao leo ni Angola. Maji yanayopita chini ya Kindu kwa jina la Lualaba ndiyo yanayoishia hapo. Sidai kwamba hilo linamfanya Dom Miguel kuwa mtu wa Maniema. Lakini kwa mwanafunzi atakayetumia wiki nyingi akiutazama uso mmoja, uso huu una haki ya kuwa wa kwanza.

Sasa tuingie jikoni.

Rangi yoyote ya mafuta ni vitu viwili: unga wenye rangi, na mafuta yanayoushika. Maniema ina mafuta. Mawese yapo kila soko, kwenye chupa, kwenye madumu, mekundu kama machweo. Mtu mwenye akili atauliza mara moja: kwa nini nisisage udongo mwekundu, nikauchanganya na mawese, nikachora? Jaribio hilo linafanyika kila siku bila kukusudiwa. Tazama ukuta wa jiko ambako mawese yamerukia kwa miaka. Yananata, yanashika vumbi, yananuka ya kale, lakini hayakauki. Ungechora uso kwa mawese, mwakani ungeupangusa kwa kidole.

Mafuta ya mbegu za kitani, mmea ule ule unaotoa nyuzi za nguo ya kitani, hufanya kinyume. Pakaza safu nyembamba kwenye kioo. Baada ya siku chache inakuwa ngozi ngumu, ya uwazi, isiyoyeyuka tena ukiipasha moto. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii: mafuta hayo hayakauki kwa kupoteza kitu, jinsi nguo iliyofuliwa inavyopoteza maji. Yanakauka kwa kuongeza kitu. Ukiyapima kwa mizani nyeti yanapokauka, utaona uzito wake unapanda, kwa kuwa yanavuta oksijeni kutoka hewani.

Siri imo katika umbo la molekuli. Mafuta yote, ya mawese, ya kitani, ya karanga, yamejengwa kwa minyororo mirefu ya kaboni iitwayo asidi za mafuta, mitatu mitatu ikiwa imefungwa pamoja kichwani. Katika minyororo mingine kaboni zote zimeshikana kwa kiungo kimoja kimoja. Imeshiba, haina nafasi ya kushika kitu kingine. Katika mingine mna viungo maradufu, na karibu na viungo hivyo ndipo oksijeni hupata pa kuuma. Ikishauma, mnyororo mmoja hushikana na wa jirani, na huo na wa jirani yake, mpaka yote inakuwa wavu mmoja usio na mwisho, kama wavu wa wavuvi wa Lualaba uliofumwa kwa fundo baada ya fundo. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya kitani ni za aina yenye viungo maradufu vitatu. Mawese ni kinyume: sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 40, ni asidi iliyoshiba kabisa, ambayo wanakemia waliiita kwa jina la mchikichi wenyewe, asidi palmitiki. Wenye kiwanda hupima tabia hii kwa iodini, maana iodini nayo hushika kwenye viungo maradufu. Gramu 100 za mawese hunywa gramu 50 hivi za iodini. Mafuta ya kitani hunywa zaidi ya 170. Kati ya namba hizo mbili ndipo inapokaa tofauti ya mchuzi na mchoro.

Kushiba huko si kasoro. Ndiko kunakofanya mawese yastahimili moto wa kukaangia na kukaa kwenye chupa muda mrefu. Mafuta ya kitani kwenye kikaango yangekuwa balaa.

Ni balaa hata nje ya kikaango, na hili mwalimu alitaje siku ya kwanza. Kuvuta oksijeni kunazalisha joto. Kwenye turubai joto hilo halionekani, kwa sababu linatawanyika. Lakini kitambaa kilichofutia brashi yenye mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa kwenye pembe pamoja na vingine, hulifungia joto ndani. Linapanda, linaharakisha uvutaji, uvutaji unaongeza joto, mpaka vitambaa vinawaka vyenyewe bila kiberiti wala cheche. Nyumba zimeungua hivyo. Vitambaa vianikwe kimoja kimoja vikauke, au vilowekwe ndani ya maji. Hii inamhusu hata fundi seremala anayepaka milango mafuta ya aina hiyo.

Mafuta ya kitani yenyewe hayapatikani kila duka la Kindu, najua. Lakini kopo la rangi ya mafuta ya milango na madirisha linapatikana, na ndani yake mna binamu wa jambo hili: rangi nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa mafuta yanayokauka, yaliyopikwa kiwandani, na kutiwa chumvi kidogo za kobalti ili zikauke haraka. Kobalti hurahisisha kazi ya oksijeni. Eneo la Katanga, kusini mwa Maniema, ndilo ghala kubwa la kobalti duniani. Tumezoea kusikia kwamba inakwenda kwenye betri za magari, kumbe tone lake limekuwa likikausha milango yetu tangu zamani.

Wachoraji wa kale hawakuwa na kobalti ya namna hiyo. Walikuwa na risasi. Nyeupe yao ilikuwa ya risasi, njano yao ilikuwa ya risasi na bati, na risasi nayo huharakisha kukauka kwa mafuta. Ndiyo maana nyuso zilizochorwa kwa nyeupe na njano zikakauka vizuri, na mahali pa giza palipochorwa kwa rangi zisizo na risasi pakawa pagumu kukauka. Beckx na wenzake hawakujua neno oksijeni. Gesi hiyo haikutambuliwa mpaka miaka ya 1770. Walijua tu kwamba rangi hii inakauka kesho na ile inakauka wiki ijayo, wakapanga siku zao za kazi kwa elimu hiyo.

Turudi kwa njano. Kitu kilichotumika kwa karne nne kinapoteaje? Mapishi yake yalikuwa mikononi mwa watu wachache. Mchoraji hakuichoma mwenyewe, aliinunua. Waliochoma ni watu wa tanuri, wale wa vioo na vyombo vya udongo, ambao walikuwa wakitumia risasi na bati kwa kazi zao nyingine. Cennino Cennini wa Italia, aliyeandika mwongozo wa wachoraji yapata 1400, anaitaja njano inayoaminika kuwa ndiyo hii, anasema ni nzito kama jiwe, lakini asili yake haijui vizuri. Karne ya 18 ilipoleta njano ya Napoli, wateja wakahamia huko. Katikati ya karne, tanuri zikazima. Na kwa vile jina la njano moja lilikuwa likipewa nyingine, vitabu vilibaki na majina na vitu vikaondoka.

Jakobi alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya Doerner, Munich, iliyochunguza rangi na ufundi wa wachoraji. Alichukua vipande vidogo sana, chembe tu, kutoka sehemu za njano za michoro ya kale na kuvitazama kwa spektra. Njia hiyo ni rahisi kuieleza: kila elementi ikichomwa kwa joto kali hutoa mwanga wake, na mwanga huo ukipitishwa kwenye mche wa kioo hugawanyika kuwa mistari. Mistari ya bati si ya antimoni, na ya antimoni si ya chuma. Wengi wangetarajia kuona antimoni, ishara ya njano ya Napoli. Jakobi aliona bati. Akaliona tena na tena. Kisha akafanya kile ambacho nadhani ndicho kilichomaliza ubishi: akaitengeneza upya, risasi na bati kwenye moto, ikatoka njano ile ile. Mwaka 1968 Hermann Kühn, pia wa Munich, alichapisha uchunguzi mpana zaidi uliothibitisha jinsi ilivyoenea katika michoro ya kabla ya 1750 na jinsi inavyotoweka baada yake.

Siku hizi hakuna haja hata ya kubandua chembe. Kifaa cha eksirei cha kushikwa mkononi kinaelekezwa kwenye mchoro, kinapiga miale, na elementi zilizomo zinajibu kila moja kwa nishati yake. Kwa kifaa cha aina hiyo hiyo wanunuzi wa madini hupima kiwango cha bati katika mzigo wa kasiteriti kabla ya kutaja bei. Mchimbaji wa Kailo aliyeona mzigo wake ukipimwa hivyo ameona mbinu inayotumiwa kuuliza umri wa mchoro wa Rembrandt.

Naam, umri. Njano iliyotoweka 1750 na kufufuliwa 1941 ni saa nzuri. Mghushi wa karne ya 19 hakuweza kuitumia kwa sababu hakujua kwamba ipo. Kobalti nayo ni saa, ila hii inamnasa mtu upande wa pili. Mholanzi Han van Meegeren aliuza michoro yake mwenyewe akidai ni ya Vermeer, mmoja ukaishia kwa Hermann Göring wa Ujerumani ya Nazi. Alijua kwamba mafuta ya kitani huchukua miongo mingi kukomaa na kuwa magumu kabisa, na kwamba mchunguzi huijaribu rangi kwa kileo kuona kama italegea. Kwa hiyo hakutumia mafuta ya kawaida bali alichanganya rangi na plastiki ya aina ya bakelaiti na kuoka mchoro. Alipokamatwa 1945 na kukiri, iliundwa tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mbelgiji Paul Coremans, na katika mchoro ule wa Göring walikuta buluu ya kobalti. Vermeer alikufa 1675. Buluu hiyo ilibuniwa na Louis Jacques Thénard, Mfaransa, mwaka 1802.

Basi, kunakili ni wizi? Ugomvi huu ni wa zamani, na Afrika yetu imeugombania kwa moto. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliyesoma Makerere na kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliifanya kauli mbiu ya maisha yake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake 1946 na hakutaka vijana wake wafundishwe kwa kunakili kazi za Ulaya. Ndimo walimotoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Kazi zao ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini siwezi kusahau kwamba aliyeamua nini kisionwe na Mwafrika alikuwa Mzungu, naye mwenyewe alikuwa ameshaviona.

Na miaka iliyofuata, katika mji ule ule, wachoraji wa mitaani waliendelea na lao. Walichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, wakarudia picha zile zile walizotakiwa na wateja: mamba muntu, yaani nguva, treni, mtu akichapwa mbele ya afisa wa Kibelgiji. Picha ya namna hiyo iliitwa ukumbusho, ya kutundikwa sebuleni. Kila mchoraji aliichora ya mwenzake kwa mkono wake. Kutoka kwenye desturi hiyo ndimo alimochipuka Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya Kongo kwa michoro 101. Hakuna aliyemwona Mungu amelala hapo.

Ninachoona mimi ni kwamba hoja ya Njau ni ya haki dhidi ya anayenakili sura ya nje. Anayenakili mpangilio wa kazi, safu ya kwanza na ya pili na ya tatu, anafanya jambo jingine. Na sayansi imetoa sababu ambayo Njau hakuihitaji lakini inamsaidia: sura ya nje ya mchoro wa kale si ya fundi peke yake. Sehemu yake nyingine ni ya wakati.

Mfano unaojulikana sana ni binti mwenye hereni ya lulu, wa Vermeer, wa yapata 1665, ulioko Mauritshuis mjini The Hague. Kila anayeunakili huweka nyuma yake giza tupu. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Abbie Vandivere iliuchunguza kwa vifaa vya kila namna bila kuugusa, na matokeo yakatangazwa 2020. Nyuma ya binti hapakuwa na giza. Palikuwa na pazia la kijani lenye mikunjo, lililopakwa kwa rangi za mimea, nili na njano ya mmea mwingine, ambazo mwanga na miaka vilizimaliza. Binti ana kope pia, nyembamba sana, ambazo jicho halizioni tena. Maelfu ya wanafunzi wamenakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa.

Kwa nini rangi ya mmea inakufa na njano ya bati inabaki? Mawese yanajibu tena. Wekundu wake ni karotini, molekuli ndefu yenye viungo maradufu vingi mfululizo. Ndivyo vinavyomeza mwanga wa buluu na kutuachia rangi ya machungwa. Lakini tulishaona oksijeni hupenda kuuma wapi. Chupa ya mawese iliyoachwa juani hupauka, kwani mwanga na hewa vinaivunja karotini. Njano nyingi za mimea zina udhaifu wa namna hiyo. Katika michoro ya Kiholanzi yenye maua na matunda utaona majani ya buluu. Yalikuwa ya kijani, njano ikaondoka, buluu ikabaki. Njano ya risasi na bati haitegemei mnyororo wa kaboni. Ni fuwele, kila chembe imekwisha kushikana na oksijeni inayoitaka, nuru haina pa kuivunjia.

Haimaanishi kwamba haina ugonjwa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokuwa wakikarabati mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1632, ule wa daktari Tulp akifundisha juu ya maiti, walikuta uso wa mchoro umejaa vipele vidogo kama punje za mchanga. Vilipochunguzwa vilikuwa sabuni. Si kama sabuni. Ni sabuni kweli. Mama wa Kindu anayepika mawese na magadi makali huitoa asidi palmitiki kwenye kifungo chake na kuipa sodiamu, ikawa kipande cha kufulia. Ndani ya rangi ya kale jambo hilo hutokea polepole mno, na badala ya sodiamu ni risasi. Asidi iliyoshiba, ile isiyojiunga na wavu, hutembea, hukutana na risasi, sabuni ikavimba na kuchomoza. Watafiti wa National Gallery ya London walionyesha 2003 kwamba njano ya risasi na bati hufanya hivyo hasa. Risasi hutoka kwenda kutengeneza sabuni, bati likabaki.

Kwa anayeanza leo Kailo au Kindu, sehemu moja ya mapishi ya kale asiifuate: risasi. Unga wake ukivutwa puani au ukibaki chini ya kucha na kuingia mdomoni hukaa mifupani, na akili ya mtoto ndiyo inayodhurika kwanza. Asijaribu kuyeyusha betri kuukuu na kasiteriti nyuma ya nyumba kutafuta njano ya Vermeer. Nyeupe ya titani na udongo wa njano, ambao barabara zetu hazikunyimwa, vinatosha kwa uso, na tyubu moja ya njano kali kwa nakshi.

Aanze na safu nyembamba ya hudhurungi, yenye mafuta machache, aweke vivuli na mwanga bila kujali rangi. Safu za juu ziwe na mafuta zaidi. Kanuni hii ya mafundi, nyembamba chini, nono juu, sasa tunaijua sababu: safu nono hukauka polepole na kuendelea kujongea, ikiwa chini, iliyo juu yake itapasuka. Na asiiamini sana simu. Kioo chake hutoa mwanga wake chenyewe, lakini rangi kwenye turubai hurudisha tu mwanga wa dirishani. Alinganishe giza na nuru kwanza, rangi baadaye.

Kisha ngozi ya Dom Miguel. Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, na mwanafunzi hushawishika kuchora mng'ao wa paji la uso mweusi kwa kahawia iliyotiwa nyeupe. Matokeo yake ni uso wenye vumbi. Fizikia inasema hivi: mwanga unaoingia ndani ya ngozi hutoka ukiwa umechujwa na melanini, huo ndio wa kahawia, lakini mwanga unaoteleza juu ya ngozi haukuingia popote, kwa hiyo unabaki na rangi ya ulikotoka. Kama ni dirisha lenye mbingu, mng'ao ni wa kibuluu. Kama ni taa, ni wa njano. Katika ngozi nyeusi tofauti ya hivyo viwili ni kubwa, na ndipo mchoraji mwenye jicho anapopata kazi tamu. Amweke ndugu yake karibu na mlango asubuhi, atazame paji la uso, kisha atazame la Dom Miguel.

Akimaliza, asipake vanishi kwa miezi sita hadi mwaka. Safu nene hata mwaka ni mfupi. Muda huo si wa kukaa bure. Pedro Sunda anangoja, na mkononi ana pembe ya ndovu, kitu ambacho Maniema ya enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ilikijua kwa machozi. Pembe si nyeupe. Upande wa mwanga ina manjano kidogo, upande wa kivuli inachukua rangi ya nguo iliyo karibu nayo, na ukingo wake wa chini hauna mstari.